Difu loki kwa pikapu ya Ifakara: ninunue sasa au nianze na matairi?

Mzee wetu mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 41, mfanyabiashara wa pembejeo na mpunga hapa Ifakara. Nina pikapu aina ya Toyota Hilux Vigo ya mwaka 2011, yenye injini ya dizeli ya lita 2.5 na fowili ya kuingiza kwa mkono. Niliinunua ikiwa imetumika, na ndiyo inayoendesha biashara yangu yote: wakati wa kupanda hubeba mbegu, mbolea na dawa, na wakati wa mavuno hurudi na magunia ya mpunga. Mzigo wa kawaida ni kilo 600 hadi 700.

Njia zangu ni mbili. Tukishavuka daraja la Mto Kilombero na kufika Lupiro, barabara hugawanyika, moja ikielekea Malinyi kupitia bondeni na nyingine ikipanda Mahenge. Bondeni nina wateja wa siku nyingi. Mahenge nimeanza mwaka jana tu, na sasa vikundi viwili vya wakulima wa vijiji vya juu vimeniomba niwafikishie mzigo mara mbili kwa wiki kuanzia mvua za kwanza hadi mvua ziishe.

Msimu uliopita tulikwama mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa Februari, kwenye njia ya mashambani upande wa Malinyi: magurudumu yote manne yalizunguka, matairi yakajaa udongo mweusi, na gari likalalia tumbo mpaka tulipovutwa na trekta. Mara ya pili, Machi, huko huko bondeni, gari liliserereka polepole likaingia mtaroni. Mara ya tatu, Aprili, tulikuwa tunapanda kwenda kijiji kimoja juu ya Mahenge, na maji yalikuwa yamekata barabara mshazari. Gurudumu la nyuma la kulia likabaki hewani linazunguka, na la kushoto, lililokuwa limekanyaga ardhi ngumu, halikusogea hata kidogo. Tulishusha mifuko 12 ya mbolea, watu wakaipandisha mabegani. Mara ya nne, Mei, tulikwama kwenye mchanga wa kijito. Dereva alikuwa hajaingiza fowili, na alipoiingiza, baada ya kuchimba kidogo, gari lilitoka.

Sasa nyumbani na gereji hakuna maelewano. Dereva wangu, kijana mwaminifu ninayemhesabu kama mdogo wangu, anasema bila difu loki, kile kifaa cha kuyafunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, hapandi tena Mahenge na mzigo. Shemeji yangu ana Land Cruiser yenye loki na anamuunga mkono. Mume wangu anasema matairi yamekwisha, na kwamba kununua loki juu ya matairi kipara ni kutupa fedha. Fundi amenipa njia tatu: kufunga loki mpya inayotumia upepo, kwa shilingi milioni 4 na laki 2 pamoja na kazi, kununua difu ya mtumba yenye loki ya umeme iliyotolewa kwenye pikapu nyingine, kwa milioni 1 na laki 8, au kuichomea difu niliyonayo, kwa laki moja na nusu. Matairi manne mapya ni kama milioni 2 na laki 2.

Nilichonacho ni milioni 4 na nusu, na humo humo umo mtaji wa kununulia mbegu. Naomba unishauri kwa uwazi, pikapu hii inahitaji difu loki au haihitaji?

Mama Pembejeo, Ifakara

*

Marahaba, binti yangu.

Nimefurahi kwamba umeniandikia jinsi gari lilivyokwama kila mara, na magurudumu yapi yalikuwa yanazunguka. Wengi huniuliza swali hili wakitaja tu aina ya gari na jina la barabara, nami hulazimika kuwauliza upya, kwa sababu jibu la swali la difu loki halipo kwenye gari wala kwenye ramani. Lipo kwenye gurudumu lililosimama. Kama gari lilipokwama kulikuwa na gurudumu la nyuma lililokanyaga mahali pazuri na likakataa kuzunguka, loki ingekutoa. Kama hakukuwa na gurudumu la namna hiyo, loki isingekusaidia, hata ungeinunua kwa bei gani.

Nikueleze sababu, kwa kuwa hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Utasikia wakisema kwamba difu ya kawaida hupeleka nguvu zote kwenye gurudumu linaloteleza. Sivyo. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kwa magurudumu yote mawili, wakati wote, na huyaruhusu kwenda kwa kasi tofauti, kwa maana kwenye kona gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Umewaona ng'ombe wa plau huko bondeni, wamefungwa kwenye nira moja iliyoshikwa katikati. Mmoja akilegea, mwenzake hawezi kuvuta zaidi ya yule aliyelegea, kwa sababu akizidisha nira inageuka tu, jembe halisogei. Gurudumu lako la kulia lililokuwa hewani lilihitaji nguvu ndogo sana ili lizunguke, kwa hiyo la kushoto nalo likapewa ndogo hiyo hiyo, na ndogo hiyo haiwezi kupandisha pikapu yenye kilo 700 mgongoni. Loki huikaza nira isigeuke. Magurudumu mawili ya nyuma huwa kama yamefungwa kwenye mti mmoja, na lenye mshiko linaweza kuvuta peke yake.

Fowili haiondoi jambo hilo. Huliongezea gari ekseli nyingine tu, yenye difu ya namna ile ile. Pikapu ya fowili isiyo na loki husimama magurudumu mawili tu yakikosa mshiko, moja la mbele na moja la nyuma, hasa yakiwa ya pembe zinazotazamana. Ndivyo ilivyokuwa Aprili: barabara iliyokatwa mshazari iliinua gurudumu la nyuma la kulia, na bila shaka la mbele la kushoto nalo lilikuwa limepungukiwa uzito wakati huo huo. Ukiwa na loki nyuma, lazima magurudumu matatu yashindwe ndipo gari lisimame.

Sasa tuzipitie hizo mara nne.

Ile ya Februari loki isingekutoa. Udongo mweusi wa mfinyanzi hunywa maji, hufura, na hunata kama ugali uliokosa kuiva, na kashata za tairi, yaani yale meno yake ya mpira, zikishajaa tairi linakuwa mche wa sabuni. Magurudumu yote manne yalikuwa yanazunguka, kwa hiyo hakukuwa na lenye mshiko la kupewa nguvu, na gari lilikuwa limelalia tumbo, maana yake uzito ulikuwa kwenye chasisi na si kwenye matairi. Hapo dawa ni matairi yenye kashata nene zilizoachana, ambazo hujitema udongo zikizunguka, au minyororo ya matairi. Dawa nyingine ni kutokuingia. Njia za mashambani za udongo mweusi, mvua ikishanyesha usiku, zinataka jua la siku moja au mbili, na mteja mwema ataelewa akipigiwa simu.

Ile ya Machi nakuomba uisome kwa makini, kwa sababu hapo loki ingeweza kukuzidishia hasara. Barabara ya udongo ina mgongo katikati na huinamia mitaroni. Gari lenye difu ya kawaida likiteleza hapo, mara nyingi gurudumu moja la nyuma huzunguka na lingine hubaki limetulia, na lile lililotulia ndilo linaloshikilia mkia wa gari usishuke. Ukifunga loki, yote mawili huzunguka pamoja, na gurudumu linalozunguka kwenye utelezi halina tena nguvu ya kuzuia kwenda upande. Mkia huteremka mtaroni. Nimeyaona kwa macho yangu katika mvua za El Niño za mwaka 1998, nikiendesha pikapu ya mradi mmoja upande wa Matombo, kwenye milima ya Uluguru. Nilikuwa nimefunga loki ili kupita kipande kibaya, nikapita vizuri, nikaiacha imefungwa kwa sababu mbele niliona tope jingine. Njia ilikuwa imeinamia kushoto kidogo tu, kiasi ambacho ukiwa kwa miguu usingekiona. Niliuhisi mkia ukienda taratibu, bila kishindo, nami nikaongeza mafuta nikidhani nitautoa. Tulilala pale hadi asubuhi, mimi na wauguzi wawili na masanduku ya chanjo, na barafu iliyeyuka. Tangu siku hiyo humwambia kila dereva kwamba loki hufungwa kwa hatua chache za kupita kikwazo, na hufunguliwa gari likishapita.

Ile ya Mei ilikuwa ya dereva, na naomba usimlaumu sana, kwa sababu ni kosa la kila mtu. Fowili huingizwa kabla ya mchanga, gari likiwa bado linatembea, na upepo wa matairi hupunguzwa kabla ya mchanga pia. Kama barabarani unatembea na psi 35 na gari halina mzigo, ukishusha hadi 20 tairi hutanuka na kukanyaga eneo kubwa, na gari linapita kama juu ya mkeka. Ukiwa na mzigo wako wa kilo 700, nyuma usishuke chini ya 25, tembea polepole, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye barabara ngumu, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa na mzigo hupata joto na kupasuka. Kwa hiyo nunua kompresa ndogo ya kuunganisha kwenye betri. Bila kompresa dereva hatapunguza upepo, maana anajua hana wa kumjazia.

Inabaki ile ya Aprili, na hiyo ni ya loki kabisa. Ardhi ngumu, korongo la maji, gurudumu moja hewani na jingine limesimama juu ya mwamba likisubiri. Dereva wako ameiona hali hiyo kwa macho yake na ana haki ya kusema anayoyasema. Kurudi kinyumenyume kwenye mteremko, ukiwa na mzigo na barabara imekatika, ni hatari ya maisha ya mtu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kwa njia ya Malinyi peke yake, pikapu yako haihitaji difu loki. Kwa safari za nadra za Mahenge wakati wa kiangazi, pia haihitaji. Lakini kwa mkataba unaoutaja, inahitaji. Tangu Novemba hadi mwisho wa Mei ni majuma 30, na mara mbili kwa juma ni safari 60, katika barabara ambazo kila mvua kubwa huchimba korongo jipya. Kama mkataba huo ni wa kweli, difu loki kwako ni kifaa cha kazi, sawa na turubai la kufunikia mbolea. Nasema kama ni wa kweli kwa sababu mkataba wa mdomo huwa na maneno mengi mwezi wa Agosti. Waombe viongozi wa vikundi hivyo waandike na kutia saini, na kama inawezekana watoe malipo ya awali.

Mume wako naye amesema kweli, na kwa upande wa mpangilio ndiye aliye sahihi: matairi yatangulie. Loki hupeleka nguvu kwenye tairi, na tairi ndilo linaloishika ardhi. Tairi kipara likipewa nguvu mara mbili litateleza mara mbili. Chagua matairi ya njia zote yenye kashata za kutosha, na si yale ya matope tupu, kwa sababu unatembea pia kwenye lami, na matairi ya matope tupu hulika haraka na hayashiki vizuri kwenye lami yenye maji. Usibadilishe ukubwa. Tairi kubwa zaidi huelemea hafushafti, yaani mti wa chuma unaozungusha kila gurudumu la nyuma, na difu ikiwa imefungwa kuna wakati hafushafti moja hubeba nguvu yote iliyokuwa ya mbili.

Tukishakubaliana hivyo, tuzitazame njia tatu za fundi.

Kuchomea difu, yaani kuyaunganisha meno ya ndani kwa moto wa welding ili yasizunguke tena kamwe, usikubali hata ukipewa bure. Difu hiyo haifunguki. Kila kona ya lami na ya changarawe ngumu gurudumu la ndani litalazimishwa kwenda kasi ya la nje, tairi litasagika, hafushafti itajipinda na kujinyoosha mpaka ikatike, na gari likiwa tupu kwenye lami yenye mvua mkia unaweza kuruka upande bila onyo. Na ile hali ya Machi, ya mtaroni, itakuwa ya kila siku. Kuna watu huchomea difu za magari ya mchezo yasiyotembea barabarani. Gari linalobeba watu na mzigo halichomewi difu.

Loki mpya ya upepo ni kifaa kizuri. Inayojulikana zaidi ni ARB ya Australia, inayofungwa kwa upepo wa kompresa ndogo kwa kubonyeza swichi, na ukiizima difu inarudi kuwa ya kawaida kabisa. Faida mojawapo ni kwamba kompresa hiyo hiyo huweza kujaza matairi. Tatizo langu si kifaa bali ufungaji. Ili kuiweka lazima difu ifunguliwe yote, kisha kraunwili, lile gurudumu kubwa la meno lililo ndani ya difu, irudishwe kwa kipimo, na nafasi kati ya meno yake na ya pinieni, gia ndogo inayoizungusha, ipimwe kwa saa maalumu ya kupimia, katika sehemu za milimita. Fundi anayetikisa kwa mkono na kusema hapo panatosha atakurudishia difu inayolia ndani ya miezi miwili, na baada ya hapo inayosaga meno. Muulize fundi wako akuonyeshe saa hiyo. Asipokuwa nayo, kazi hii apelekewe mwingine, na yeye aendelee na kazi nyingine za gari lako anazoziweza. Kwa fedha uliyonayo sikushauri uichukue mwaka huu, maana ukilipa milioni 4 na laki 2 utapanda Mahenge ukiwa na loki, matairi kipara na bila mbegu za kuuza.

Fundi hakukutajia loki inayojifunga yenyewe, isiyo na swichi. Bei yake ni rahisi kuliko ya upepo, lakini hugonga kwenye kona na huamua yenyewe wakati wa kufunga. Kwa pikapu inayoteremka na mzigo kwenye udongo ulioinama, nataka uamuzi huo ubaki mkononi mwa dereva.

Ya mtumba yenye loki ya umeme ndiyo ninayoiona inakufaa, ikitimiza masharti. Kwanza, iwe ni ekseli nzima na si kichwa cha difu peke yake. Katika Toyota, nyumba ya difu yenye loki ya umeme kwa kawaida si sawa na ya difu ya kawaida, na wapo waliouziwa kichwa kizuri kisichoingia popote. Pili, iwe na mota yake ya kufungia, nyaya zake na swichi yake, na ijaribiwe kwa betri mbele yako: mota ikipewa umeme lazima uione difu ikifunga na kufungua. Tatu, fungulia oili na uitazame. Oili nzuri ni ya kahawia na inang'aa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vipande vya chuma vinavyokwaruza vidoleni, iache. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni wa kawaida. Fanya hivyo hivyo kwa difu uliyonayo sasa, kwa sababu gari lililovuka vijito msimu mzima linaweza kuwa limekunywa maji kupitia kile kipumulio kidogo kilicho juu ya ekseli.

Sharti la nne ndilo linalowaumiza watu, nalo ni hesabu ya meno. Ekseli za Hilux za miaka ileile hutengenezwa kwa hesabu tofauti, kwa mfano propela, yaani mti mrefu unaopeleka nguvu kutoka kwenye gia hadi kwenye ekseli, kuzunguka mara 3.9 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, au mara 4.1, au zaidi, kutegemea injini na soko. Nyuma na mbele lazima zilingane. Ukiweka nyuma 4.1 na mbele ikabaki 3.9, hutaona kitu ukiwa kwenye tuu-wili, lakini siku utakapoingiza fowili kwenye ardhi ngumu, ekseli mbili zitavutana kama ndugu wanaogombania shamba, na kitakachokatika ni kile kilicho dhaifu kati yao. Kibati cha gari kina namba ya ekseli ambayo duka la vipuri linaweza kuisoma, lakini mimi napenda kuhesabu, kwa kuwa huwezi kujua ekseli ya mtumba imefunguliwa na nani kabla yako.

Kuhesabu kwenyewe dereva wako anaweza kukufanyia asubuhi moja. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe au vigingi, fowili itolewe na gia iwe huru. Inueni nyuma kwa jeki na mliweke juu ya stendi za chuma, si matofali, kisha ndipo mwachie hendibreki. Zungusha gurudumu moja kwa mkono na utazame la pili. La pili likizunguka kinyume, difu yako ni ya kawaida. Likizunguka upande uleule, una difu ya kupunguza utelezi, ambayo baadhi ya Hilux zilikuja nayo kutoka kiwandani, na pengine hujawahi kuambiwa. Hiyo hutaka oili yake maalumu, na ikiwekewa ya kawaida hudhoofika. Kama ni ya kawaida, mmoja ashike gurudumu la kushoto lisisogee, mwingine alizungushe la kulia mizunguko miwili kamili, na wa tatu ahesabu mizunguko ya propela iliyowekwa alama ya chaki. Idadi hiyo ndiyo hesabu ya meno. Kisha nendeni kwa muuzaji mkahesabu vivyo hivyo kwenye ekseli yake.

Ikiwa inalingana, matairi na ekseli ni milioni 4, na unabakiwa na laki 5. Najua haitoshi mbegu za msimu mzima, na ndiyo sababu nilitaja malipo ya awali ya vikundi vya Mahenge. Wasipotoa, nunua matairi na kompresa, utumikie bonde kwanza, na uwaambie wa Mahenge kwamba utapanda siku za ukavu tu mpaka loki ifungwe. Mwambie dereva hivyo hivyo, mbele yao, ili asije akashinikizwa na mteja akiwa peke yake njiani.

Kuna ujanja mmoja utakaomsaidia kwa sasa, ingawa hautoshi kuwa mbadala. Gurudumu moja la nyuma likizunguka bure, avute hendibreki kiasi, meno mawili au matatu, na aongeze mafuta polepole akiwa kwenye gia nzito ya fowili. Hendibreki ya Vigo hubana magurudumu ya nyuma, kwa hiyo lile lililo hewani linakuwa zito, na mwenzake anapata nguvu zaidi. Hilux za kizazi kilichoanza mwaka 2015, ambazo wengi huziita Revo, nyingi zina kompyuta inayofanya jambo la namna hiyo yenyewe kwa kubana breki ya gurudumu linaloteleza. Ungekuwa na gari hilo, huenda jibu langu lingekuwa usubiri.

Na loki ikishafungwa, mfundishe mambo matatu kabla hajapanda mlima. Aifunge gari likiwa limesimama au linatambaa, kabla ya korongo, kamwe si wakati gurudumu linazunguka kwa kasi, kwa kuwa meno hukatika. Taa yake ikiwakawaka maana yake bado haijashika, asogee kidogo ishike. Na asizidi mwendo wa kutembea kwa miguu. Vitabu vya Toyota vyenyewe huonya usipite kilomita 8 kwa saa loki ikiwa imefungwa, na usukani utakuwa mzito kwa sababu gari litataka kwenda mbele tu.

Mkishahesabu, niandikie namba mbili: ya ekseli yako na ya ekseli ya mtumba. Niandikie pia rangi ya oili ya kila moja, na usilipe hata shilingi ya ekseli hiyo kabla hujapata jibu langu.